Chuma cha Msiba Siku ya Kura

Tangu kiharusi kimwangushe mwezi wa tano, Pankrasi hakuwa ameomba kitu. Alikula alicholetewa, dawa alimeza, na alipogeuzwa ubavu aligeuka. Wiki moja kabla ya uchaguzi, mkewe Asumpta alikuwa akimfuta uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mara akamkamata kiganja kwa ule mkono wake mmoja uliobaki na uhai. Mdomo uliopinda ukahangaika, kisha ukatoa neno kwa vipande.

"Ku-ra."

"Unataka kupiga kura, Baba Eric?"

Akafumba macho, akayafumbua. Hiyo ndiyo ilikuwa "ndiyo" yake siku hizo.

Asumpta aliminya kitambaa ndani ya beseni, akakiminya tena ingawa maji yalikwisha kutoka. "Utapiga," alimwambia. "Nitakufikisha."

Alisema vile bila kujua atamfikishaje. Shule iliyokuwa kituo cha kupigia kura ilikuwa ng'ambo ya korongo, na Pankrasi, hata baada ya miezi ya uji na kulala, alibaki na mifupa mizito ya mtu aliyebeba tofali maisha yake yote.

Asumpta alizaliwa Hanga, karibu na monasteri, ambako baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya watawa. Pankrasi alimkuta huko, alipokwenda kujenga ukuta wa zizi, akamleta Songea. Wakati huo Msamala ilikuwa nyumba chache za tofali za kuchoma zilizotawanyika katikati ya mihogo, na si haba kati ya hizo zilikuwa kazi ya mikono yake. Asumpta alikaanga vitumbua barazani, akawauzia mafundi na walimu waliokuja kutoka mikoa mingine wakilalamikia baridi ya mwezi wa saba. Alizaa watoto watatu. Wawili walilala kwenye makaburi ya mtaani kabla hawajajua kutembea vizuri. Akabaki Eric, ambaye sasa alikuwa Mbeya na familia yake, na alipiga simu kila Jumapili baada ya misa.

Katika maisha yale ya vumbi la saruji na mafuta ya kukaangia, uchaguzi ulikuwa sikukuu yao. Pankrasi aliungoja kama watu wengine wanavyoingoja Krismasi. "Siku ile," alipenda kusema, "mimi na mkuu wa mkoa tuna kura mojamoja. Siku nyingine zote ananizidi." Kisha alicheka mpaka akashika kiuno.

Miaka ile watu wa mtaa walikuwa na desturi yao. Jioni ya kuamkia siku ya kura walikwenda uwanja wa shule na kupanga mawe, kuanzia mlangoni mwa darasa hadi kwenye goli la mpira na kulizunguka. Kila mtu na alama yake: huyu tofali, yule kigae cha chungu, mwingine kandambili moja iliyokatika. Alfajiri kila mmoja alisimama penye jiwe lake. Ugomvi haukukosekana. "Nani kalisogeza jiwe langu?" "Jiwe lako lina miguu, limeondoka lenyewe!" Bakili, mjumbe wa mtaa, alizunguka na fimbo yake akiamua kesi za mawe kama hakimu, na wanawake walipitisha ndoo ya togwa kutoka mkono hadi mkono. Asumpta na Pankrasi walikuwa mbele daima. Walitoka pale kila mmoja na kidole kidogo cheusi, wakarudi nyumbani wakitembea polepole kama watu waliotoka kufunga ndoa.

Ila hawakuambiana waliyemchagua. Mwaka mmoja ambao siasa zilichemka kuliko kawaida walikuwa wamegombana vibaya, hadi Asumpta akafungasha nguo na kwenda kukaa Hanga kwa mama yake. Pankrasi alimfuata kwa baiskeli. Alikaa kibarazani kwa mama mkwe, kofia mapajani, akasema: "Mke wangu, turudi. Ya kituturini yabaki kituturini. Mimi sikuulizi, na wewe usiniulize." Asumpta alirudi. Wakazeeka hivyo, wakijuana kila kovu na kila namna ya kukohoa, isipokuwa hilo.

Halafu, uchaguzi hadi uchaguzi, mawe yakapungua. Hakuna aliyetangaza kwamba ameacha. Safu ilifika golini, safari nyingine ikaishia kwenye mwembe wa mwalimu mkuu, safari nyingine haikuivuka ngazi ya darasa. Pankrasi alianza kuzunguka alfajiri akigonga milango. Wengine waliamka kwa kumwonea haya. Wengine walimjibu wakiwa kitandani.

"Nenda tu, fundi, nakuja."

"Unakuja kwa miguu ipi na bado umelala?"

"Kwani nikienda bei ya mbolea itashuka?"

Pankrasi alirudi akamwambia Asumpta kwamba watu wamechoka, na akalitamka neno hilo bila hasira, kama anayesema mvua zimechelewa.

Kwa hiyo safari hii Asumpta hakutegemea watu wengi. Alimtegemea Rupert, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye bajaji. Alimwendea siku mbili kabla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jumatano asubuhi na mapema, baba yako anataka kwenda kupiga kura. Utatubeba?"

Rupert alifuta mikono yake yenye grisi. "Mama Eric, mzee mwenye hali ile? Si umwache apumzike? Mshindi atapatikana tu."

"Sikukuuliza mshindi. Nimekuuliza bajaji."

Rupert alicheka. "Haya mama, saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni kwako. Mzee ndiye aliyejenga choo chetu, nitamkataliaje?"

Jumatano ile Asumpta aliamka kungali giza. Alimwosha mumewe, akamnyoa ndevu kwa wembe mpya, akamvika shati jeupe la misa na koti la rangi ya udongo. Akaweka kadi zao mbili za kupigia kura kwenye pindo la kanga na kulifunga. Pankrasi aliketi ameegemezwa mito, na upande mzima wa uso wake ulikuwa na furaha ya wazi hivi kwamba Asumpta aliangalia pembeni.

Saa kumi na mbili ikafika. Bajaji haikusikika. Alimpigia Rupert, simu ikasema haipatikani. Akatoka na kugonga mlango wa nyumba ya tatu, na mke wa Rupert akatoka na kibatari mkononi, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika.

"Ametoka, mama. Amepata abiria wa Peramiho, kawapeleka hospitali. Alisema huenda akawahi kurudi."

"Alisema huenda."

"Ndivyo alivyosema, mama. Nisamehe."

Asumpta aliamkua kwenye nyumba mbili nyingine. Moja ilikuwa na kufuli. Wenyewe walikwishakwenda shambani kuandaa mashamba kabla mvua hazijaanza. Nyingine mtu aliitikia na hakufungua. Anga ya mashariki ilianza kuwa nyeupe. Alifikiria mumewe aliyeketi ndani amevaa koti, na moyo wake ukashikwa na haraka ya aina ambayo humfanya mtu asione vizuri.

Kwenye kona ya mtaa, juu ya mjohoro, kulikuwa na ringi kuukuu la lori lililoning'inizwa kwa waya. Chuma hicho kilikuwa sauti ya mtaa. Kikipigwa mchana, ni mkutano, au nyumba inaungua. Kikipigwa alfajiri, kina maana moja tu, na hakuna mtoto wa Msamala asiyeijua. Asumpta naye aliijua. Lakini asubuhi ile kichwa chake kilijaa kura; kilichokuwa mbele ya macho yake ni wanaume wanne wa kubeba kiti, na aliona ni siku ya kura kwa kila mtu, hivyo kila mtu ataelewa. Aliokota jiwe, akapiga.

Waliitika upesi kuliko alivyotazamia. Milango ilifunguka, ile iliyokaa kimya alipogonga na mingine ya mbali. Asumpta alikimbia nyumbani kumwandaa mzee, akijisemea kwamba kumbe watu wapo, kumbe walikuwa wanangoja tu kuamshwa. Kabla hajafika ukumbini akasikia kilio kinakuja njiani.

Alikuwa Tabu, mama wa Kiyao kutoka Tunduru aliyehamia mtaani na mume wake muuza korosho, na ambaye kwa madai ya utani wa Kiyao na Kingoni alimchokoza Pankrasi miaka yote. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, kichwani ana sinia la unga.

"Innalillahi! Mtani wangu! Umeondoka hujanilipa matusi yangu! Nitamtukana nani sasa, Pankrasi, nitamtukana nani!"

Nyuma yake wanawake wenye kuni na ndoo za maji, na wanaume wenye nyuso za kuamka, kofia mikononi. Bakili alikuja na fimbo yake. Walijaa uani, wakajaa barazani, na waliokosa nafasi wakasimama barabarani. Uwanja ule haukuwa umeona watu wengi hivyo tangu kipaimara cha Eric. Tabu alimkumbatia Asumpta kwa nguvu hata kadi kwenye pindo la kanga zikamchoma tumboni.

"Kafa saa ngapi, dada yangu?"

Asumpta alifungua kinywa. Hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Kabla hajajibu, sauti nzito ya kuparaza ilitoka chumbani.

"Na-ni... ka-fa?"

Kilio kilikatika. Mwanamke mmoja akaachia mzigo wa kuni. Tabu alisogea dirishani, akachungulia, akamwona marehemu ameketi kitandani amenyolewa, amevaa koti.

"Astaghafirullah," akasema polepole. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa: "Mngoni wewe! Hata kufa umeshindwa?"

Watu walicheka, kicheko cha kujificha aibu, kikaisha haraka. Asumpta alisimama barazani kwake akawaeleza. Hakukuwa na msiba. Ni siku ya kura. Alihitaji watu wa kumbeba Baba Eric. Aliongea sauti ikimpungua, kwa sababu kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona nyuso zikibadilika, huzuni ikitoka na kitu kingine kikiingia, kama watu walioitwa kwenye karamu wakakuta ni kazi ya kulima.

"Kura?" mtu aliuliza nyuma. "Umetuamsha na chuma cha msiba kwa sababu ya kura?"

"Nisameheni."

"Mimi nimeacha maziwa jikoni!"

Wengine wakaanza kutoka. Asumpta hakuwazuia. Aliwaza kwamba mtaa huu bado unajua kuamka. Unaamka kwa ajili ya jambo moja tu. Na jambo hilo mumewe atawapa karibuni, bila kuombwa.

Ni Bakili aliyegonga fimbo chini. "Ngojeni," alisema. "Nyinyi wanaume mmetoka majumbani kuja kumbeba Pankrasi. Si ndiyo? Basi yupo. Tumbebeni."

Wanaume waliingia ndani. Wakatoa kiti cha mbao cha sebuleni, wakakifunga miti miwili ya kuezekea, wakamketisha mzee na kumfunga kifuani kwa kanga ili asidondoke. Wakaondoka naye wakipokezana mabega. Mguu uliokufa wa Pankrasi ulining'inia ukigonga mti wa kiti, na watu waliopishana nao walivua kofia kabla hawajaona kwamba anayebebwa anatazama.

Uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Hapakuwa na jiwe hata moja. Mlangoni mwa darasa walikaa askari na karani mwongozaji, binti mgeni aliyeitwa Violeth, mwalimu aliyehamia mwaka ule kutoka Moshi. Alipoona kundi la watu linavuka uwanja aliinuka na kurekebisha kitambulisho shingoni.

"Karibuni jamani! Karibuni sana! Pangeni mstari hapa, kila mmoja na kadi yake mkononi."

Wanaume walitazamana. "Sisi hatukuja na kadi, mwalimu," Bakili alisema. "Tulikuwa tunakwenda msibani."

Violeth hakuelewa, na hakuna aliyemwelewesha. Wanaume walitua kiti, wakakaa chini kivulini, magoti juu na mikono juu ya magoti, vile watu wanavyokaa nje ya nyumba ya wafiwa.

Ndani ya darasa msimamizi wa kituo aliongea kwa upole. "Mzee, kwa hali yako unaruhusiwa kusaidiwa na mtu unayemwamini. Atakuwekea alama pale utakapomwonyesha. Ni huyu mama?"

Pankrasi alitikisa kichwa. "Mwe-nye-we."

"Mwenyewe utaweza?"

"Mwe-nye-we. A-shi-ke... ka-ra-ta-si."

Basi Asumpta akaruhusiwa kumshikia karatasi. Walisogeza kiti hadi kwenye kituturi, kisanduku kile cha boksi gumu chenye kuta tatu. Akazilaza karatasi zote tatu, ya rais juu, akazikandamiza kwa vidole na kumwekea kalamu mkononi. Pankrasi alimtazama, akaashiria kwa kidevu upande wa ukuta. Geuka.

Asumpta aligeuka. Ukutani kulikuwa na mchoro wa mfumo wa chakula wa binadamu. Aliutazama huku akisikia pumzi ya mumewe, nzito, kama zamani akipandisha ndoo ya zege. Akasikia kalamu inakwaruza. Ikasimama. Ikakwaruza tena, safari hii kwa kishindo, halafu ikaanguka sakafuni.

"Ta-ya-ri."

Aliinama kuiokota kalamu, na alipoinuka akaona, maana lazima akunje. Mstari ulianzia katikati ya visanduku viwili, usiwe wa huyu wala wa yule, ukateremka ukikata majina ya wengine wote, ukatoka nje ya karatasi na kuishia juu ya boksi la kituturi. Zile karatasi nyingine mbili hakuzigusa. Nguvu zote alikuwa amezimalizia hapo.

Kalamu sasa ilikuwa mkononi mwa Asumpta. Angeweza kuomba karatasi nyingine. Msimamizi alikuwa amesema mapema kwamba mtu akikosea anabadilishiwa. Lakini ingembidi aseme kwa sauti, wanaume wakisikia dirishani, kwamba mzee ameshindwa. Na angeshindwa tena. Angeweza pia kuchora alama moja ndogo yeye mwenyewe, aiweke pale ambapo mume wake angeiweka. Aliyapitia majina na picha. Akamtafuta Pankrasi kati ya zile picha na hakumpata. Miaka yote ile ya kitanda kimoja, na hakujua.

Alimtazama usoni. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye ndevu zilizonyolewa, na upande mzima wa mdomo wake ulikuwa umetulia, kama siku zile alipomaliza ukuta na kurudi nyuma hatua chache kuutazama.

Asumpta akaikunja karatasi, akazikunja na zile mbili tupu. Akamsaidia kuzitumbukiza, kila moja kwenye sanduku lake. Wakampaka wino.

"I-me-ingia?"

"Imeingia, Baba Eric."

Walipofika nyumbani jua lilikuwa limepanda, na Asumpta alikuta moshi unatoka jikoni kwake. Tabu na wanawake wachache walibaki. Unga uliotolewa nyumbani kupelekwa msibani haurudishwi, ni mkosi, hivyo walikuwa wameinjika sufuria kubwa na kuusonga. Wanaume walinawa, wakakaa kwenye mikeka, Pankrasi katikati yao kwenye kiti chake, na watu wakala ugali wa matanga ya mtu aliyekuwa akila nao. Kisha Tabu akamuuliza mzee kama chumvi ya msiba wake imekolea, na Pankrasi akacheka hadi akapaliwa, Asumpta akampiga mgongoni taratibu.

Tabu alipokuwa akimpa maji ya kunawa aliushika mkono wake. "Dada, mbona kidole chako cheupe?"

Asumpta alikitazama. Kadi yake ilikuwa bado kwenye pindo la kanga. Katika kubeba, kushika, kukunja na kutumbukiza, hakuna aliyemuuliza na yeye hakukumbuka. Hajawahi kukosa hata mara moja.

"Nenda," Tabu akamwambia. "Hadi saa kumi bado wapo. Mimi nitakaa na mtani wangu, akijaribu kufa nitamkataza."

"Nitakwenda," Asumpta alisema.

Alisuuza sufuria. Alifagia uwanja. Bakili alipita akaaga, akasema na yeye atafuata kadi yake mchana, huenda. Rupert alirudi na bajaji yake, akasimama getini akiomba samahani, na Asumpta akamwambia hakuna neno, mwanangu, umewafikisha wagonjwa. Saa tisa alisimama mlangoni akaitazama njia ya korongo. Aliona namna atakavyovuka uwanja ule mtupu peke yake, na Violeth akiinuka kumkaribisha. Hakukuwa na mtu wa kutembea naye, wala wa kurudi naye. Akarudi ndani akaketi.

Jioni alimvua mumewe koti, akamlaza, akamfuta miguu vumbi la njiani. Alidhani amesinzia. Lakini Pankrasi alifumbua macho, akamtazama kwa muda, kwa wasiwasi kidogo, kama mtu anayetaka kujua kama mlango umefungwa.

"We-we," alisema. "U-me-ona?"

Asumpta aliendelea kufuta. Alifika kwenye kisigino, mahali pale palipopasuka tangu ujana wake kwa saruji.

"Sikuona, mume wangu," alijibu. "Niligeuka ukutani, kama ulivyosema."

Pankrasi akafumba macho, akayafumbua. Kisha akalala.